Dogo anadaka kila kitu, ila si siku ya mechi

Saa 12 na robo jioni, uwanja wa vumbi upande wa Igoma. Kipa wa miaka 17 amesimama mita 4 kutoka kwa kocha wake. Kocha ana ndoo ya mipira ya tenisi, mingine kaipaka rangi nyekundu, mingine kijani. Anarusha miwili kwa mpigo na kutaja rangi moja. Dogo anachomoa uliotajwa, mkono mmoja, kama anachuma embe. Ishirini kwa ishirini. Watoto waliopanda juu ya mawe nyuma ya goli wanashangilia.

Jumapili yake, mechi. Dakika ya 70, krosi ya kawaida tu kutoka winga ya kulia. Dogo anatoka, anasita, anarudi nusu hatua, mpira unampita juu ya vidole. Bao.

Kocha akamuuliza kulikoni.

"Mwalimu, niliuona ukishafika."

Kauli hiyo imeninyima raha wiki kadhaa. Kama macho yake ni mepesi kiasi kile mazoezini, Jumapili yalikwenda wapi? Na kama mipira ya rangi haimsaidii, kwa nini makundi ya WhatsApp ya makocha wa hapa Mwanza yamejaa video za makipa wa Ulaya waliovaa miwani inayowaka na kuzimika (lenzi zake huziba giza na kufunguka haraka haraka), kila moja na maneno "zoezi la macho" chini yake?

## Misuli haina kosa

Biashara ya mazoezi ya macho husimama juu ya hoja moja: jicho lina misuli, msuli hunoleka, basi noa jicho. Nusu ya kwanza ni kweli. Kila jicho linazungushwa na misuli sita. Ila kwa mtu mwenye afya misuli hiyo ina nguvu kupita mzigo wake, na jicho likiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine hufikisha mamia ya nyuzi (digrii) kwa sekunde. Hakuna mpira uliowahi kumpita kipa mzima kwa sababu misuli ya jicho ilichoka.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Australia, Bruce Abernethy na Joanne Wood, waliijaribu hoja hiyo kwa uangalifu. Watu 40, makundi manne, wiki 4. Makundi mawili yalifanya programu mbili za mazoezi ya macho zilizokuwa maarufu. La tatu lilisoma habari za tenisi na kutazama mechi kwenye runinga. La nne lilifanya mazoezi ya kupiga mpira tu. Mwanzo na mwisho walipimwa macho na mikwaju ya tenisi.

Baadhi ya alama zilipanda. Zilipanda kwa wote, hata kwa waliokuwa wanatazama runinga.

Maana yake ni kwamba ukirudia kipimo unakizoea kipimo. Dogo wetu hakudanganya mtu alipodaka ishirini kwa ishirini. Amekuwa hodari wa kudaka mipira ya tenisi inayorushwa kwa mkono kutoka mita 4 na mtu anayemfahamu.

## Halafu ukaja utafiti wa besiboli

Hapo ningeweza kufunga jalada. Kuna jambo likanirudisha nyuma.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha California, Riverside, kilitangaza matokeo ya wachezaji wake wa besiboli waliotumia programu ya kompyuta inayoitwa ULTIMEYES: vipindi 30 vya dakika 25, kutafuta michoro hafifu kwenye skrini. Uwezo wao wa kusoma herufi za mbali ulipanda, na msimu huo walikosa mipira michache zaidi walipokuwa wakipiga. Hao hawakudaka mipira ya rangi. Walifundisha ubongo kutofautisha vitu hafifu, na hilo ni jambo ambalo ubongo unaweza kweli kujifunza.

Ila wachezaji hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na mchezaji wa chuo huimarika msimu hadi msimu hata asipofanya lolote la macho. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni iliyouza programu hiyo kwa kudai mambo yasiyo na ushahidi wa kutosha. Ikakubali kulipa dola 150,000.

Kwa hiyo sisemi jicho halifundishiki. Nasema swali la "macho makali" limekaa vibaya tangu mwanzo.

## Krosi ile, polepole

Tuirudishe Jumapili. Mpira wa krosi ukienda mita 15 kwa sekunde na kukatiza mita 2 mbele ya uso wa kipa, jicho lingelazimika kuzunguka zaidi ya nyuzi 400 kwa sekunde ili kuufuata. Jicho linalofuata kitu kwa utulivu hushindwa kabla ya kufika nyuzi 100. Likishindwa linaruka, na wakati wa kuruka ubongo hufunga pazia: kwa kipande hicho cha sekunde haoni lolote la maana.

Kwa hiyo "fuata mpira kwa macho mpaka mikononi", kauli tuliyolelewa nayo, inawezekana kwa mpira unaokujia usoni moja kwa moja, maana huo unakua tu, hausafiri pembeni. Kwa krosi haiwezekani.

Michael Land na Peter McLeod walilionyesha hilo mwaka 2000 kwa wapiga kriketi. Mpigaji mzuri hakuufuata mpira. Aliutazama unapotoka mkononi, kisha jicho likaruka mbele kwenda kuusubiri pale utakapodunda. Aliyekuwa bora zaidi aliruka mapema zaidi.

Jicho la mchezaji hodari hutangulia mpira.

Ili litangulie lazima limesoma kitu kabla. Kwa krosi, kitu hicho kiko mguuni mwa winga: mguu wa kusimamia umekaa wapi kando ya mpira, kiwiliwili kimelalia nyuma au kimeinama mbele, mguu unaopiga unaingia chini ya mpira au katikati yake. Akiegemea nyuma na mguu ukiingia chini, mpira utapanda. Yote hayo yanaonekana kabla mpira haujaondoka, na yako mita 30 kutoka alipo kipa.

Hapo ndipo hadithi ya dogo ilipogeuka.

## Mita 4 na mita 30

Kocha wake alikuwa ametaja jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani: mazoezini, jua likishazama, mashuti ya mbali yanampita zaidi. Giza linapoanza kuingia mboni hutanuka, na jicho linalohitaji miwani huona ukungu zaidi mboni ikiwa pana. Ni dalili ya kawaida kabisa.

Akapimwa. Macho yote mawili, 6/24.

Yaani anachokiona yeye kwenye mita 6, mwenye macho mazima anakiona kwenye mita 24. Zidisha kwa nne. Mguu wa winga ulio mita 30 anausoma kama wewe ungeusoma ukiwa mita 120, umbali unaozidi urefu wa viwanja vingi. Lakini mpira wa tenisi wa mita 4 kwake ni kama uko mita 16, na hapo nani asiyeuona? Ndoo ile ya mipira ilikuwa inaficha ugonjwa.

Kipimo cha kuchuja timu nzima kinahitaji karatasi ya manila, maka peni na futi. Chora herufi E zenye urefu wa milimita 17 na nusu, kila mstari wa E na kila nafasi iliyo kati ukiwa sehemu moja ya tano ya urefu huo, yaani milimita 3 na nusu. Zielekeze pande tofauti: kulia, kushoto, juu, chini. Bandika ukutani kivulini, usawa wa macho, pima mita 6 kwa kamba. Mchezaji anafunika jicho moja kwa kiganja na kuonyesha kwa mkono E zinaelekea wapi. Hizo ni za 6/12. Anayekosa zaidi ya moja katika tano, kwa jicho lolote, aende kwa mtaalamu wa macho. Ukitaka mstari wa 6/6, herufi ziwe milimita 8.7, na hapo usichore kwa mkono, chapisha.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni madogo madogo. Mtoto anabonyeza jicho kwa kiganja, likija zamu yake linaona ukungu. Anachungulia kati ya vidole. Wenzake wamesimama nyuma yake, wameshakariri. Anakunja uso kama anaangalia jua, na kukunja macho hupunguza ukungu, basi anafaulu. Mwambie afungue macho kama kawaida, na ugeuze karatasi juu chini kila baada ya wachezaji wawili.

Ukiwa hapo tazama na weupe wa jicho. Kinyama kinachoota kutoka upande wa pua kuelekea kwenye kioo cha jicho si kigeni huku kwetu, jua na vumbi vinakichochea, na kikifika mbali hupinda kioo na kuleta ukungu. Mtoto anayejikuna macho kila siku mpaka yanakuwa mekundu ana mzio, naye apelekwe, asiishie kunawa kwa maji tu. Kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando inawajua wagonjwa wa namna hii vizuri.

Kuhusu miwani: wazazi na hata makocha huamini refa atamtoa mtoto nje. Sheria namba 4 ya soka inaruhusu miwani ya michezo, ilimradi isiwe ya hatari. Edgar Davids aliicheza soka ya juu kabisa na miwani baada ya kuugua presha ya macho. Isiwe miwani ya kawaida ya kioo na fremu ya chuma. Iwe lenzi ya plastiki ngumu isiyovunjika vipande, na mkanda nyuma ya kichwa. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinafaa pia, kwa mwenye maji safi na sabuni ya kunawa mikono, na nidhamu. Asizioshe kamwe kwa maji ya bomba wala ya ziwa, na asioge ziwani akiwa nazo. Kuna vijidudu vya maji vinavyojificha chini ya lenzi na kula kioo cha jicho, na tiba yake ni ya miezi.

## Akavaa miwani, akafungwa tena

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Miwani ilimpa dogo mguu wa winga. Haikumwambia autazame.

Baada ya kuipata bado macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye mpira, kisha kwa mshambuliaji, kisha kwenye mpira. Kama mgeni anayepelekwa soko la samaki la Mwaloni alfajiri: kila kitu anakiona, na hajui ni samaki yupi wa jana.

Kwa penalti jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 Geert Savelsbergh na wenzake walilinganisha makipa wazoefu na wasio wazoefu. Wasio wazoefu walitazama zaidi kifua, mikono na nyonga za mpigaji. Wazoefu walitulia sehemu chache, kwa muda mrefu zaidi, na mwishoni walikuwa kwenye miguu na eneo la mpira. Hesabu inaeleza kwa nini. Penalti ni mita 11. Mpira wa kilomita 90 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.44. Mwili wa binadamu unahitaji karibu sekunde 0.2 kuitikia anachokiona. Zinabaki sekunde 0.24 za kufika kwenye nguzo iliyo mita 3.66. Anayesubiri mpira uondoke amekwisha.

Zoezi la kufundisha hili linafanyika kwa simu. Weka simu kwenye mstari wa goli, katikati, urefu wa macho ya kipa. Rekodi kwa picha 60 kwa sekunde. Ukirekodi kwa 30 mguu unakuwa wingu. Pata wapigaji 6, mmoja wa mguu wa kushoto angalau, kila mmoja apige 5 kwa kukusudia. Kata kila video katika matoleo matatu: moja inaishia picha 6 baada ya mguu kugusa mpira, moja inaishia pale pale unapogusa, moja inaishia picha 4 kabla.

Ukubwa wa picha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mpigaji wa mita 1.75 akiwa mita 11 anachukua nafasi fulani machoni, na lazima aichukue hiyo hiyo kwenye skrini. Kwenye runinga, kipa akisimama mita 2, mpigaji awe na urefu wa sentimita 32. Kwenye simu iliyoshikwa sentimita 40, sentimita 6.4. Akiwa mdogo zaidi unamfundisha kutazama kitu ambacho hatakikuta uwanjani.

Jibu asilitoe kwa mdomo. Atupe hatua moja kushoto au kulia, mwili mzima. Anayejibu kwa kidole anajifunza kujibu kwa kidole. Kisha mwonyeshe mpira ulikokwenda, papo hapo. Video 20 kwa kipindi, vipindi 3 kwa wiki, dakika 10 tu. Wiki mbili za kwanza toleo la baada ya mguso, mbili zinazofuata toleo la mguso, kisha la kabla. Kubahatisha kunampa 10 kati ya 20, kwa hiyo akipata 11 usimsifu.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, wapigaji ni wale wale mpaka kipa anawajua kwa viatu. Badilisha wapigaji kila wiki 3. Ya pili, kocha anamwambia kipa "angalia mguu wa kusimamia" na kipa anaukodolea mpaka anasahau kuruka. Muulize tu, baada ya jibu, "ulikuwa unatazama wapi?" Atajirekebisha mwenyewe.

## Mpira wa pete: hapa jicho linatulia

Kwa mfungaji wa mpira wa pete kazi ya jicho inageuka kabisa. Hakuna kinachomjia. Pete iko mita 3.05 juu, haina ubao nyuma, haiendi popote.

Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary mwaka 1996 alichapisha utafiti wa macho ya wachezaji wa kikapu kwenye mitupo huru, akakuta kwamba wafungaji wazuri hukaza jicho sehemu moja ya pete, mapema na kwa muda mrefu, kabla mkono haujaanza kazi yake ya mwisho. Aliliita jicho tulivu. Kati ya mafunzo yote ya macho, hili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu linafundishwa ndani ya mchezo wenyewe.

Binti wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ana sekunde 3 kuanzia anapoudaka mpira, na beki amesimama sentimita 90 mbele yake kanyoosha mikono. Sekunde ya kwanza ni ya kutua na kusawazisha miguu. Ya pili jicho liwe kwenye ukingo wa mbele wa pete, au wa nyuma, achague mmoja na asibadili mwaka mzima. Ya tatu mpira uondoke. Kosa kubwa: macho yanapanda pamoja na mpira. Kosa la pili: yanavutwa na vidole vya beki. Beki anajua, ndiyo maana anavichezesha.

Ukitaka kuhakikisha, funga simu kwenye nguzo chini ya pete, vuta picha hadi uso wake ujae, kisha hesabu picha kutoka macho yalipotulia hadi kiwiko kinapoanza kunyooka. Kwa picha 60 kwa sekunde, tafuta 45 hadi 60. Chini ya 20, anatupa kwa mazoea na bahati.

## Shingo

Kiungo anayepokea mpira bila kuangalia nyuma hana tatizo la jicho, ana tatizo la shingo. Geir Jordet wa Norwei amehesabu mara ngapi wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza hugeuza kichwa kabla ya kupokea. Wanaogeuza zaidi, kiungo wa zamani Frank Lampard akiwa mmoja wao, hufikisha pasi nyingi zaidi.

Zoezi la kocha kunyanyua vidole nyuma ya mchezaji naye ataje idadi silipendi. Wiki moja tu na mchezaji anageuza shingo kwa adabu, haoni kitu. Afadhali watu wawili wenye vesti za rangi mbili nyuma yake, mmoja anajibanza na mwingine anajitenga dakika ya mwisho, naye apige pasi kwa aliyejitenga kwa mguso mmoja. Ageuke mpira ukiwa bado unasafiri kati ya wenzake, na mara moja tena pasi yake ikishapigwa, kisha macho yarudi kwenye mpira. Akigeuka mpira ukiwa mita 3 utamgonga ugoko.

## Uzi na miwani ya kuwaka

Uzi wa Brock, uzi wenye shanga wa kupima kama macho mawili yanafanya kazi pamoja, nautumia kuchuja watu tu. Nunua mita 3 za uzi mnene wa nyavu, pitisha shanga tatu kubwa: sentimita 40, mita 1.5 na mita 2.8 kutoka puani. Funga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, nyingine ishike kwenye ncha ya pua. Ukitazama shanga moja unapaswa kuona nyuzi mbili zinazokatana hapo hapo kwenye shanga. Ukiona uzi mmoja tu, ubongo umelifungia nje jicho moja. Zikikatana mbele au nyuma ya shanga, macho hayakutani panapotakiwa. Vyote viwili ni vya daktari. Kwa mwenye macho mazima, dakika 10 za uzi kila siku zitampa ustadi wa uzi.

Miwani inayowaka na kuzimika ina tafiti za kutia moyo, ila ndogo. Ule wa wachezaji wa magongo ya barafu wa mwaka 2013 ulikuwa na watu 11. Bei yake ni mamia ya dola. Na asithubutu kuvaa mwenye kifafa. Fedha hiyo inanunua miwani ya kweli kwa wachezaji kadhaa wasioona vizuri.

## Ndoo bado ipo

Kocha wa Igoma hakuitupa ndoo. Dakika 5 za mwanzo anapasha nayo mikono moto. Kisha winga anapiga krosi 12, na dogo, miwani imefungwa kisogoni, lazima aite "Kipa!" au "Toa!" kabla mpira haujafika nusu ya safari. Mtu wa pembeni anarekodi kwa simu, wanahesabu picha kati ya mguso na sauti.

Wiki ya kwanza ilikuwa zaidi ya picha 60, sekunde nzima. Sasa iko kwenye 35 hadi 40. Bado mara moja kati ya krosi kumi anaita "Kipa!" kwa sauti ya mnada kisha anabaki amesimama kwenye mstari, na macho hayahusiki hapo. Beki wake wa kati ana kilo 84 na haangalii anakokwenda.